Posa Nyuma ya Marobota

Sihaba binti Faki alikuwa na ulimi. Si ulimi wa matusi, maana kwao Makunduchi alilelewa akaleleka, bali ulimi wa biashara, ulimi usiojua kulala. Wenye viduka vya vitambaa pale Kangle wakimwona anakata uchochoro na buibui lake na mkoba wake mwekundu walikuwa wakikonyezana: haya, keshafika. Laoban mmoja, na ndivyo waitwavyo matajiri wa maduka huko Guangzhou, aliwahi kumwambia kwamba akiweza kunyamaza mpaka kikombe kimoja cha chai kiishe, atampa robota zima la bure. Sihaba akamuuliza, "La rangi gani?" Robota likampita hivyo hivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, leo kaambiwa akae kimya nyuma ya marobota ya jinzi, wanaume wapange maisha yake.

"Hapa hapa," alisema ami yake, Mzee Vuai, akimwonyesha nafasi iliyobaki kati ya marobota na ukuta. "Kwetu mwari akiposwa hukaa nyuma ya pazia. Huku pazia huna, una jinzi. Basi kaa nyuma ya jinzi."

"Ami, hii ofisi ni yangu."

"Na posa ni yako vile vile. Kaa, mwanangu. Na usitoe sauti."

Akakaa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei, na nusu yake ilikuwa imemezwa na mzigo uliotoka Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, ukingojea kontena. Alikalia kiti cha plastiki, miguuni ana birika la umeme na vikombe, na mbele yake, kati ya robota na robota, palikuwa na upenyo wa kutosha jicho moja. Mungu hamnyimi mja wake yote.

Mzee Vuai alikuwa mdogo wake marehemu baba yake. Tangu kaka yake afariki, yeye ndiye walii wa Sihaba, na bila yeye kutamka ndoa hakuna. Kila mwaka, Oktoba ikifika, alikuja Guangzhou kwa maonyesho ya Pazhou kununua vyombo vya nyumbani vya duka lake la Darajani. Mwaka huu alikuja na neno la ziada. Huko Unguja kuna mwanamume mwenye duka la vifaa vya umeme, nyumba imekwisha, makochi yamo, anangoja jibu.

"Kesho napanda ndege," alikuwa amemwambia Sihaba asubuhi hiyo. "Nikifika nitaulizwa, na nitajibu moja kati ya mawili: keshaposwa, au hajaposwa. Huyo Haidar wako alete mshenga leo nimsikie. Asiponiridhisha, mimi sitamtoa mtoto wa kaka yangu nikamtupe mlimani."

Na mlima huo ndio uliokuwa taabu yenyewe. Haidar alikuwa kijana wa Amani, huko Tanga, lakini hakuwa akiishi Tanga, wala Dar, wala hapo Guangzhou. Alikuwa akiishi Nepali, chini ya milima ya Himalaya, wilaya moja ya vilima na mashamba ya chai iitwayo Ilam. Alikuwa na nyumba ya wageni huko kwa shirika na rafiki yake Kiran. Guangzhou alikuja kutafuta mahema, makoti ya mvua na mifuko ya kulalia ya watalii. Mtu akamwelekeza kwa Sihaba, dada anayejua Kichina na asiyeibiwa. Alipanda lifti siku hiyo kutafuta mahema, akashuka hana habari tena na mahema. Safari zilizofuata hakuna aliyeuliza amekuja kununua nini.

Na Sihaba je? Sihaba alimpenda. Tuseme ukweli, alimpenda mpaka akawa anakosea hesabu, na yeye si mtu wa kukosea hesabu. Lakini juzi, nje ya majumba ya maonyesho pale Pazhou, walikuwa wamegombana mbele za watu.

"Njoo huku juu, Sihaba," Haidar alikuwa amemwambia. "Acha hizi mbio."

"Mbio gani?"

"Hizi. Viwanda, makontena, kubishana na watu kutwa."

"Mbio hizi ndizo zilizokununulia mahema yako. Nikiziacha, nije kwenu nifanye nini? Nitazame ukungu?"

"Utakuwa na mimi."

"Na wewe utakuwa na kazi yako na mimi. Mimi nitakuwa na wewe tu. Umeona hesabu ilivyo?"

Sihaba akateremka kwenye metro peke yake, machozi yanamtoka mpaka bibi mmoja wa Kichina akampa tishu. Tangu hapo hawakuzungumza. Posa Haidar hakuiondoa, lakini neno hakusema. Kwa hiyo pale nyuma ya jinzi, Sihaba alikuwa na swali moja tu: Haidar anamtaka yeye, Sihaba, kama alivyo, au anataka mke wa kumweka mlimani? Akimsikia leo anasema mke wake ataacha kazi, basi ami akija kumuuliza atajibu "sitaki" kwa kinywa chake, moyo upasuke upasukavyo.

Na kusema "sitaki" alikuwa anajua. Wanaume watatu walishamposa huko nyuma, na mara zote tatu alijibu kabla ami hajamaliza kutaja jina.

Mlango ukagongwa.

"Assalaam alaykum!" Sauti nzito, matamshi ya mbali. Aliyetangulia alikuwa Théodore, Mkongo wa Lubumbashi, jitu la watu, suti ya buluu, viatu vinang'aa, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Haidar hakuwa na mzee wa kumsemea Guangzhou nzima. Théodore, aliyekuwa akipanga naye chumba kila ajapo, alipiga kifua akasema mshenga ni yeye, na atakayempinga amtafute.

Nyuma yake akaingia Haidar.

Sihaba akasogeza jicho kwenye upenyo. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vibaya, mikononi ana alama za miiba ya porini kwake. Amekonda, maskini. Juzi hadi leo mtu anaweza kukonda? Alimpa ami shikamoo ya adabu, akaketi pembeni, na kabla hajainamisha macho akayatuma mara moja tu kwenye marobota, moja kwa moja pale upenyoni. Sihaba akaruka nyuma kama aliyeguswa na waya wa umeme.

"Papa Vuai," alianza Théodore, "mi niko hapa kwa kazi moya tu. Huyu ndugu yangu anapenda mutoto wenu. Mi ni Mukongo, desturi zenu sizijue zote, mutanisamehe. Lakini vitu vizuri minavijua, na huyu ni kitu kizuri. Voilà."

"Karibu sana, Bwana Teodori," alisema Mzee Vuai. "Tumesikia. Sasa nambie mtoto wangu anakwenda wapi."

"Paradiso!" Théodore akafungua mkoba akatoa vipeperushi vinavyometameta, akavitandaza mezani. "Tulichapisha jana kwa Muchina mumoja hapa chini. Angalia mwenyewe, papa."

Mzee Vuai akavaa miwani. Picha ya kwanza ilikuwa nyumba ndogo nzuri, na nyuma yake tu, kama imeegemea paa, mlima mkubwa mweupe wa theluji. Picha ya pili panda mnene, mweusi na mweupe, anatafuna mwanzi. Ya tatu simbamarara amelala mbele ya hema.

"Huyu paka mkubwa," ami aliuliza taratibu, "analala mlangoni kwa mtoto wangu?"

"Hapana, papa, iko kwa ajili ya touristes..."

"Mtalii ana ngozi gani tofauti na yetu?"

Nyuma ya marobota Sihaba akajifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kutoka akavichane vile vipeperushi kimoja kimoja.

"Mzee wangu," alisema Haidar kwa upole, "naomba ruhusa niseme neno."

"Mposaji hasemi. Mshenga ndiye husema."

"Naijua desturi. Lakini wanyama hawa hawapo kwetu, na mimi sitaki uondoke na mzigo ambao sio."

Mzee Vuai akavua miwani. Mjue kwamba huyu ni mtu aliyewahi kuletewa Unguja kontena la sufuria zisizo na mifuniko, kwa sababu aliagiza kwa picha. Tangu siku hiyo katalogi kwake ilikuwa tusi. "Sema," akamwambia.

"Mchapaji aliona picha zetu hazing'ai, akatia zake. Panda tunaye, lakini si huyu. Wa kwetu ni mwekundu, mdogo, mkubwa kidogo kuliko paka, mkia una pete pete. Anakaa juu ya miti, anakula majani ya mianzi, na ni mwenye haya. Mgeni anaweza kutembea na mimi tangu alfajiri hadi jioni asimwone. Simbamarara hakuna. Chui yuko."

"Ehe. Chui yuko."

"Yuko, mzee. Mtu hamfuati, mbuzi anamfuata. Dubu naye hushuka mahindi yakikomaa, watu wakapiga madebe."

"Na theluji hii nyuma ya paa?"

"Theluji iko mbali. Sisi tuko kwenye vilima vya chini. Ukisimama kilele cha juu, Oktoba, asubuhi mapema, anga likiwa safi, unauona mlima Kangchenjunga umejipanga wote mweupe, na wageni wengine hulia. Saa tatu ukungu unapanda, huoni hata ng'ombe wako."

Théodore alishika kichwa. "Haidar, unaharibu bei, ndugu yangu!"

"Mwache aharibu," alisema Mzee Vuai, na kwa mara ya kwanza akasogeza kiti mbele. "Mimi mtu akiniuzia kitu namuuliza kibaya chake. Kizuri nitakiona mwenyewe. Haya, kijana. Kibaya cha huko ni nini?"

"Mvua," alisema Haidar. "Kuanzia Juni hadi Septemba inanyesha haikati. Udongo unaporomoka, barabara inafungwa, tunakaa hata wiki gari halipandi. Na ruba, mzee. Ruba wanaingia kwenye soksi, unavua kiatu kimejaa damu na hukusikia kitu."

"Audhubillahi."

"Baridi ya Januari inauma. Msikiti uko bondeni, nusu siku kwa gari. Samaki wa bahari hakuna kabisa. Na Kiswahili hakuna ila changu."

Pale nyuma Sihaba alikuwa akisikiliza kila neno. Ya ruba alikuwa hajamwambia, huyu! Lakini mengine yote alimwambia zamani, kwa sauti hii hii, wakila tambi kibandani kule Xintang, yeye akasahau kuwa wamekuja kukagua kiwanda. Alimsimulia mashamba ya chai yaliyopandwa juu ya vilima mpaka vikawa kama vichwa vilivyosukwa. Alimsimulia miti inayochanua maua mekundu msitu mzima mwezi wa Aprili, na wanakijiji waliokataza wenyewe kukata msitu wao, sasa ndege wamerudi na wageni wanawafuata ndege.

"Lakini wewe mtu wa Amani," aliendelea ami. "Usambara milima imekwisha? Chai imekwisha? Ukungu umekwisha? Umekwenda kutafuta nini kilichokosekana kwenu?"

Haidar akatabasamu kidogo. "Nilipelekwa kusoma mambo ya misitu India, mzee. Likizo moja Kiran akanichukua kwao. Nilishuka kwenye gari nikasikia harufu ya chai mbichi na udongo wenye mvua, nikadhani nimerudi kwa mama. Nikakaa. Ningekuwa nimekimbia kwetu ningekwambia. Sikukimbia, nimeongeza kwetu kwa pili."

"Na sampuli umeniletea, au maneno matupu?"

"Nimeleta." Akatoa kipakiti cha karatasi mfukoni mwa kanzu, akakisogeza mezani.

Mzee Vuai akakinusa, akanyanyuka, akakirusha juu ya marobota bila kutazama. Kikamwangukia Sihaba mapajani. Akaelewa. Akachemsha maji, akatia majani, akapitisha sinia kwa mkono mmoja ubavuni mwa robota la mwisho. Ami akalipokea. Lakini Haidar aliuona ule mkono, na pete yake ya fedha, na hina iliyofifia kwenye kucha. Aliuangalia mpaka ulipopotea, na Mzee Vuai alimwona akiuangalia, akajitia hakuona.

Wakanywa. Ami alizoea chai yenye iliki, tangawizi na mdalasini, sukari imesimama. Alionja hii, akaonja tena.

"Haina kitu," alisema. Kisha akajimiminia kikombe cha pili.

Théodore akaona mlango umefunguka, akaingia nao mzima mzima. "Papa, sasa sikia. Huyu mutoto wenu anateseka hapa. Asubuhi Xintang, mchana Kangle, jioni anafunga colis, mizigo ya watu. Kule hatafanya kazi tena hata kidogo! Atakaa kama malkia. Hizi jinzi zote, basi, finies! Atakunywa chai, ataangalia mulima, atazaa. Huyu ndugu yangu anakuahidi!"

Sihaba aliuma mtandio. Ndiyo hiyo sasa. Ndiyo aliyoiogopa. Alisimama kimya kimya, kiganja juu ya robota, na "sitaki" ikampanda hadi kwenye meno. Alimtazama Haidar kwenye upenyo, akamwomba ndani ya nafsi yake: sema, Haidar. Sema sasa, au unyamaze moja kwa moja.

"Hapana, Teo," alisema Haidar.

Théodore akabaki mikono hewani.

"Unamkatiza mshenga wako?" aliuliza ami.

"Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe na wewe, kaka. Lakini hilo silo nililokutuma. Sihaba haachi kazi."

Mzee Vuai akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa ule wa Pazhou, uso wa kuuliza bei ya mwisho. "Subiri kwanza. Wageni wako huja lini?"

"Oktoba na Novemba, mvua ikikatika. Hivi sasa Kiran anawapokea peke yake. Na tena Machi na Aprili, miti ikichanua."

"Aprili na Oktoba." Mzee akacheka kicheko kisicho na furaha. "Yakhe, unajua Aprili na Oktoba ni nini huku?"

"Ni Pazhou."

"Ni Pazhou! Mara mbili kwa mwaka, dunia nzima iko pale, na mtoto wangu asipokuwepo wateja wake wote wanachukuliwa na wengine. Siku ambazo nyumba yako imejaa wageni ndizo siku ambazo yeye hana nafasi hata ya kujikuna. Basi nambie, nani ataacha lake? Na usiniambie mtapanga. Watu wote husema watapanga."

Haidar alitazama mikono yake, kisha akatazama marobota, na safari hii hakuondoa macho.

"Swali hilo yeye aliniuliza juzi," alisema, "nikakosa jibu. Nikamwacha akaondoka peke yake. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mimi nilimwambia aache hizi mbio, na nilikosea. Mwanamke huyu nilimpenda akiwa anatembea mbele yangu kiwandani, mimi namkimbilia simfikii, anabishana na watu sita kwa mkupuo. Nimpende kwa mwendo wake, halafu nimwambie asimame?"

Mzee Vuai akamwashiria aendelee.

"Pazhou atakuja kama anavyokuja, Aprili na Oktoba. Wageni watapokelewa na mimi na Kiran na mkewe. Na mvua ikianza Juni, nyumba ikiwa haina mtu, nitashuka mimi. Nitakaa hapa Guangzhou nimbebee sampuli, nipande naye mabasi ya Xintang, nikae bandarini kusubiri kontena. Nimezoea kubeba mizigo ya watalii milimani, wa mke wangu utanishinda?"

"Na wiki za Pazhou, yeye huku, wewe kule?"

"Tutatengana, mzee." Haidar akaweka kikombe chini. "Nitaumia. Nitakaa na wageni kileleni nawaonyesha theluji, na moyo uko huku kwenye jinzi. Lakini afadhali mimi niumie wiki hizo, kuliko yeye aumie mwaka mzima akinificha."

Sihaba alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye robota. Machozi yalikuwa yakishuka yenyewe yakilowesha turubai lake, na hakuyafuta. Ewe mwana wa Amani, alisema moyoni, na hayo uliyaficha wapi juzi?

"Théodore," Haidar akaongeza, "wewe ni shahidi. Nisipotimiza, unidai."

"Mi minakudai toka leo," alisema Théodore, akijipangusa jicho kwa kitambaa kikubwa cheupe. "Unanilisha aibu, unanilisha machozi. Mushenga gani mi sasa?"

Mzee Vuai akazungusha kikombe kitupu. Nje magari yalikuwa yakipiga honi, na jirani wa chini alikuwa akivuta mkanda wa gundi kufunga maboksi, kraa, kraa.

"Waliosema milima haikutani, binadamu hukutana," alisema mwishowe, "hawakutwambia binadamu akikutana na mwenziwe anamweka wapi. Wewe umejaribu kuniambia." Akavikusanya vile vipeperushi, akavigonga gonga mezani vikalingana, akamrudishia Théodore. "Hivi mpelekee mchapaji, mwambie Zanzibar hatutaki simbamarara. Na wewe kijana, nisikilize. Mimi sinunui kwa picha, na siuzi kwa maneno. Kabla ya ndoa nitapanda huko mwenyewe na miguu yangu hii. Nataka nione hiyo nyumba, huyo Kiran, na huo mkia wenye pete."

"Huenda usimwone, mzee."

"Nisipomwona nitajua kweli una adabu ya kusema kweli. Na soksi utaninunulia wewe, ndefu, za kuzuia hao ruba wako."

Haidar akainama, akaitikia kwa kichwa kama mtoto.

"Lakini hiyo ni ridhaa yangu mimi," alisema Mzee Vuai akiinuka. "Mwenyewe bado."

Akakaribia marobota. Sihaba akafuta uso haraka, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akashusha mtandio mpaka machoni. Kivuli cha ami kikasimama kwenye ubavu wa mzigo.

"Sihaba binti Faki."

"Labeka, ami."

"Umesikia yote. Ruba umewasikia, chui umemsikia, kutengana umekusikia. Haidar huyu anakuposa, na mimi niliyebaki mahali pa baba yako nakuuliza mbele ya mashahidi. Unamridhia awe mume wako?"

Sihaba akafungua mdomo.

Alikuwa na maneno chungu nzima. Alikuwa na la kusema juu ya ruba, na juu ya juzi, na juu ya soksi, maana alijua kiwanda kizuri cha soksi na bei yake. Yote yalisukumana mlangoni. Kisha akakumbuka alivyofunzwa na bibi yake, yeye na mabanati wenziwe, kwamba mwari aliyeridhia, akiulizwa, ana jibu moja tu ambalo halihitaji ulimi. Mara tatu alikuwa amelipuuza jibu hilo.

Akafunga mdomo. Akainamisha kichwa. Akanyamaza.

Ami akangoja. Mkanda wa gundi wa jirani ukalia ukaisha. Birika likapoa likitoa vilio vidogo vidogo. Sihaba hakupumua kwa sauti, yeye ambaye kwa kimya kama hiki angepewa robota la bure.

Théodore ndiye aliyeshindwa. Alijua Kifaransa, alijua bei za Guangzhou nzima, lakini jambo hili hakuna aliyemfundisha. Alitazama marobota, akamtazama Haidar, uso ukamwanguka.

"Oh, mon frère," alisema kwa huzuni, akamkumbatia Haidar bega. "Pole. Pole sana, ndugu yangu. Anakataa. Ni juu ya bale ruba, mi nilikwambia usiseme ruba!" Kisha akageukia mzigo, mikono imeinuliwa. "Mama Sihaba! Tafazali! Sema hata neno moya! Huyu mutu atakufa hapa!"

Lakini Haidar, mtu wa Tanga, alikuwa amefumba macho, na usoni alikuwa na furaha isiyo na pa kwenda.

Mzee Vuai akageuka taratibu. Sauti yake ilikuwa imelowa.

"Nyamaza, Bwana Teodori," alisema. "Mwache mwari aseme."

Akainua mikono yake miwili kusoma Fatiha. Nyuma ya jinzi za Xintang, Sihaba naye akainua yake, hajatoa sauti bado.